Msamaha wa Kodi Peke Yake Hauleti Kazi

Mwezi wa Agosti 2022 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, kwa kushirikiana na kampuni ya biashara ya Wasoko, ilitangaza mpango wa kuyakaribisha makampuni ya tekinolojia, ya Afrika na ya nchi za nje, yaje kuweka makao yao Unguja. Mpango huo ulipewa jina la Silicon Zanzibar, na mahali palipotajwa tangu mwanzo ni Fumba, ndani ya eneo huru la kiuchumi. Wageni waliahidiwa wepesi katika vibali vya kazi na vya ukaazi, na walio ndani ya eneo hilo waliahidiwa msamaha wa miaka 10 wa kodi ya mapato ya kampuni.

Sisi tunauunga mkono mpango huo, na tunalisema hilo mwanzoni ili tusije tukafahamika vibaya. Visiwa vilivyoishi kwa karafuu kwa zaidi ya karne moja, na ambavyo leo vinawategemea mno watalii, vina haki na vina haja ya kutafuta mlango wa tatu wa riziki. Lakini kuliunga mkono jambo si kulinyamazia. Lipo suala moja ambalo wananchi wanaliuliza mabarazani, na ambalo wenye dhamana wanapaswa kulijibu kwa hesabu. Kijana wa Makunduchi, wa Nungwi, wa Wete au wa Micheweni atapata kazi gani katika makampuni haya? Atakaa mbele ya mtambo, au atasimama mbele ya lango?

Hatuulizi hivyo kwa kuwadharau walinzi. Ulinzi, upishi na usafi ni kazi za halali, na wanaozifanya wanasomesha watoto kwa jasho lao. Lakini kazi hizo zilikuwapo kabla ya tekinolojia, na hoteli za pwani zinazitoa kila siku. Ikiwa Serikali inasamehe kodi kwa miaka 10 na kutoa ardhi, ambayo ni kitu adimu kuliko vyote katika kisiwa, basi hapana budi ipatikane faida ambayo lango la hoteli haliwezi kuitoa.

Katika jambo hili hatuna haja ya kubahatisha. Kipo kisiwa kilichoipita njia hii miaka 50 iliyopita, na mambo yake, mema na mabaya, yanajulikana. Kisiwa hicho ni Penang.

Penang iko pwani ya magharibi ya Malaysia, katika mlango wa bahari wa Malaka. Ukubwa wa kisiwa chenyewe haufiki hata robo ya ukubwa wa Unguja. Kama Unguja, kiliwahi kuishi kwa bandari. Vyombo vilitia nanga, bidhaa zikashushwa na kupakiwa tena, na wachuuzi wa mataifa mbalimbali wakakaa bega kwa bega katika mji wa mawe na mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 neema hiyo ilimalizika. Kisiwa kilipoteza hadhi yake ya bandari huru, biashara ikahamia kwengineko, na kiasi cha watu 15 katika kila 100 wenye nguvu za kufanya kazi wakawa hawana kazi.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba Penang si dola kamili. Ni jimbo ndani ya shirikisho. Kodi ya mapato, ushuru wa forodha, uhamiaji na elimu vilikuwa mikononi mwa serikali ya shirikisho, Kuala Lumpur. Serikali ya jimbo ilikuwa na ardhi, ilikuwa na mabaraza ya miji, na ilikuwa na uwezo wa kusema na watu. Basi. Msomaji wa Visiwani hana haja ya kuelezwa zaidi maana ya hali kama hiyo.

Mwaka 1969 Dakta Lim Chong Eu alishika wadhifa wa Waziri Kiongozi wa jimbo hilo, akaushika hadi 1990. Katika mwaka huo huo wa 1969 likaundwa Shirika la Maendeleo la Penang. Mashamba ya mpunga na vijiji vya wavuvi vya Bayan Lepas, karibu na uwanja wa ndege, vikateuliwa kuwa eneo huru la biashara, na mwaka 1972 eneo hilo likafunguliwa, la kwanza la aina yake katika Malaysia. Kabla ya hapo Shirika lilikuwa limeanzisha kiwanda chake dogo cha kuunganisha vyombo vya elektroniki, ili wageni waone kwa macho yao kwamba mikono ya wenyeji inaiweza kazi hiyo. Kisha Waziri Kiongozi mwenyewe na maofisa wake wakasafiri nchi za mbali, wakabisha hodi makampunini.

Makampuni ya mwanzo kuitikia yalikuwa manane: National Semiconductor, Intel, AMD, Hewlett-Packard na Litronix za Marekani, Hitachi na Clarion za Ujapani, na Bosch ya Ujerumani. Kiwanda cha Intel cha mwaka 1972 kilikuwa cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Marekani. Hata leo Intel ipo Penang. Mwezi wa Disemba 2021 ilitangaza nia ya kutia mtaji wa dola bilioni 7 katika Malaysia, Penang ikiwamo.

Kwa kusikia haya, mtu mwepesi wa kuhukumu atasema: kumbe mambo ni rahisi, fungua eneo, samehe kodi, ngoja wageni. Huo ndio upotofu tunaotaka kuukanusha leo. Msamaha wa kodi ulikuwapo Penang, lakini ulikuwapo pia kila pahala. Taiwan ilifungua eneo lake la Kaohsiung mwaka 1966. Singapore ilikuwa jirani, nayo ikiwavuta wageni wale wale. Ufilipino ilifungua eneo la Bataan katika miaka hiyo hiyo ya Bayan Lepas, ikasamehe kodi vile vile, na ikatumia fedha nyingi kujenga bandari, barabara na majengo katika ncha ya rasi yenye milima, mbali na mji. Eneo la Bataan halikuwa Penang nyingine. Wataalamu wa uchumi waliolichunguza baadaye walilitaja kuwa hasara kwa taifa. Ikiwa wote walisamehe kodi na mmoja akafanikiwa kuliko mwengine, basi siri ya mafanikio haikuwa katika kusamehe kodi.

Tuyatazame sasa yale yaliyofanyika baada ya milango kufunguliwa. Hapo ndipo lilipo somo, na si somo lililoanza vizuri.

Kazi za mwanzo za Bayan Lepas zilikuwa za kuunganisha. Maelfu ya wasichana kutoka vijijini walikaa siku nzima mbele ya hadubini, wakiunganisha nyuzi nyembamba kama unywele kwenye chipu za kompyuta. Mishahara ilikuwa midogo na macho yalichoka mapema. Vyama vya wafanyakazi havikuruhusiwa kuingia katika viwanda vya chipu, na hata mwaka 1988, serikali ya shirikisho ilipolegeza, iliruhusu vyama vya ndani ya kiwanda kimoja kimoja tu. Hatulitaji hili ili watu waliige. Nchi yetu ina historia yake katika haki za wafanya kazi, na hapana sababu ya kuifuta historia hiyo kwa ajili ya kiwanda chochote, kiwe cha kisasa namna gani.

Kisha ikaja miaka ya 1985 na 1986. Soko la chipu duniani lilianguka, na maelfu ya wafanyakazi wa Penang wakaachishwa kazi. Waliotangulia kuondoka ni wale ambao kazi yao ilikuwa ya mikono mitupu, kwani mikono kama hiyo ilipatikana kwa bei nafuu zaidi pahala pengine, na mashine mpya zilikuwa zinaanza kuifanya kazi ile ile. Kwa muda wa miaka 13 hivi eneo huru lilikuwa limetoa ajira nyingi, lakini lilikuwa limetoa ujuzi mchache.

Serikali ya jimbo ilijifunza. Mwaka 1989 kilianzishwa Kituo cha Kuendeleza Ujuzi cha Penang, na utaratibu wake ndio unaofaa kusomwa na kila mtumishi wa Serikali mwenye meza inayohusika na ajira. Jimbo halikuwa na mamlaka juu ya elimu, kwa hiyo halikuweza kujenga chuo kwa amri yake. Likatoa majengo. Serikali ya shirikisho ikasaidia fedha. Makampuni, ambayo yalikuwa yakishindana sokoni na kuibiana mafundi, yakakubali kuketi pamoja na kukiendesha kituo hicho wao wenyewe. Yalileta mashine, yalileta wakufunzi, na yalisema waziwazi mafundi wa aina gani yatawahitaji mwaka ujao na mwaka wa pili. Kijana alijifunza kwa mtambo ule ule atakaoukuta kazini. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya shirikisho iliyowataka waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi watoe asilimia 1 ya mishahara kuwa mchango wa mafunzo, na kila anayefunza watu wake akaweza kurudishiwa gharama kutoka katika mfuko huo. Asiyefunza alitoa bila ya kurudishiwa.

Polepole sura ya kazi ikabadilika. Waliokuwa wakiunganisha wakaanza kupima, waliokuwa wakipima wakaanza kutengeneza mashine za kupimia, na katika miaka ya 1990 wahandisi wa Penang wakawa wanabuni chipu zenyewe. Chuo Kikuu cha Sayansi cha Malaysia, kilichofunguliwa kisiwani hapo mwaka 1969, kilikuwa kimeshatoa wahitimu wa miaka 20. Karakana ndogo za wenyeji, ambazo zilianza kwa kuchonga vipuri na vishikizo vya mashine za wageni, zikawa viwanda. Wenyeji waliofanya kazi katika makampuni ya kigeni wakatoka na kuanzisha yao. Kampuni ya ViTrox, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 2000, inatengeneza mashine za kukagua kazi za elektroniki na kuziuza duniani.

Basi tukiulizwa Penang imetufundisha nini, jawabu letu ni fupi. Sera iliwaleta wageni katika miaka mitatu, lakini ujuzi wa wenyeji ulichukua miaka 20, na miaka mingi kati ya hiyo ilipotea kwa sababu mafunzo yaliachwa yafuate nyuma badala ya kwenda sambamba. Visiwa vyetu vina bahati ya kuliona kosa hilo kabla ya kulitenda.

Tuligeukie sasa la nyumbani.

Zanzibar si ngeni katika mambo ya mitambo ya kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi, kabla ya nchi nyingi za bara hili, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Ule ulikuwa uamuzi wa Serikali ya Visiwani, na ulileta kazi za aina mpya. Lakini mitambo yenyewe ilitoka ng'ambo, na hapakuzuka katika Visiwa hivi kiwanda cha kuitengeneza. Tulikuwa wa mwanzo kuona picha za rangi, na tukabaki kuwa watazamaji. Historia hiyo inatosha kutuzindua.

Kwa mujibu wa Katiba, Uhamiaji ni jambo la Muungano. Posta na simu ni jambo la Muungano. Kodi ya mapato, ushuru wa forodha na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo ahadi yoyote ambayo Wizara ya Visiwani inamtolea mgeni juu ya ukaazi au kodi inahitaji sahihi ya pili, na sahihi hiyo haipo Vuga. Hili si lalamiko, ni maelezo ya hali ilivyo, na Penang ilikuwa nayo vile vile. La muhimu ni kuyashika kwa nguvu yale yaliyomo mikononi mwetu: ardhi, skuli, mafunzo ya amali, umeme, na Sheria ya Ajira Nambari 11 ya mwaka 2005, ambayo ndiyo inayotawala kibali cha mgeni kufanya kazi Zanzibar. Vitu hivyo vitano vinatosha kuanzia.

Kwanza, tunataka hesabu. Kila kampuni inayonufaika na msamaha katika eneo huru itoe kila mwaka idadi ya wafanyakazi wake, wangapi ni wenyeji, wanafanya kazi gani, na wangapi wamepanda daraja. Mamlaka ya uwekezaji izikusanye idadi hizo na izitangaze hadharani, zisomwe katika Baraza la Wawakilishi na katika magazeti. Neno "ajira" pekee halitoshi katika taarifa ya Serikali. Mpishi ameajiriwa na mhandisi ameajiriwa, na taarifa inayowajumlisha pamoja inaficha kile tunachotaka kukijua.

Pili, kibali cha kazi kiwe mkataba wa kufundisha. Mtaalamu mgeni anayekuja kwa kazi ambayo hapana mwenyeji anayeiweza aje na akaribishwe kwa mikono miwili. Lakini kibali chake kionyeshe jina la mwenyeji, mmoja au wawili, watakaokaa naye na kujifunza kazi hiyo. Kibali kinapokwisha muda, ofisi ya kazi isiulize tu kama ada imelipwa. Iulize pia wanafunzi wake wamefika wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hao hao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwezi kuishika methali moja ukaiacha nyengine.

Tatu, mafunzo yatangulie. Vipo vituo vya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Ipo Taasisi ya Sayansi na Tekinolojia ya Karume pale Mbweni, na kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Katika vyumba hivyo ndimo hatima ya Fumba itakamoamuliwa, kuliko katika mikutano ya wawekezaji. Makampuni yaitwe, yaoneshwe mitaala, yaulizwe kinachokosekana, na yaombwe mitambo na wakufunzi kwa saa kadhaa za wiki. Visiwani nako upo ushuru wa kuendeleza ujuzi unaolipwa na waajiri. Yafaa itazamwe namna ambavyo mwajiri anayewafunza vijana wa Kizanzibari kazi ya kweli, na kuthibitisha kuwa amewafunza, atarudishiwa sehemu ya ushuru wake. Fedha hizo zitafanya kazi zaidi zikirudi zikiwa ujuzi kuliko zikikaa katika hazina kuu zikiwa tarakimu.

Nne, umeme. Hapana aliyesahau mwaka 2008, ambapo waya wa baharini unaotuletea umeme ulikatika na Unguja ikakaa kizani kwa kiasi cha mwezi mmoja. Wala hapana aliyesahau kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, kilichochukua miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo kisiwa kinachoning'inia kwa waya mmoja au miwili kutoka nje hakiwezi kumhakikishia mwenye mitambo usingizi wa raha. Kampuni kubwa itanunua jenereta yake. Kijana mwenyeji anayetaka kuanzisha karakana yake ya kompyuta Mwembeladu au Chake Chake hana uwezo huo, na umeme unaokatika unamfunga mikono yeye kabla ya kumgusa mgeni. Kwa hiyo umeme wa kutegemewa ni sera ya ajira, ingawa mhandisi wa Shirika la Umeme hajaambiwa hivyo.

Tano, Pemba isiachwe gatini. Kila mpango unaozaliwa karibu na uwanja wa ndege wa Unguja una hatari ya kufia hapo hapo. Kazi nyingi za tekinolojia hazihitaji bandari wala barabara pana. Zinahitaji chumba, umeme, mtandao na mtu aliyefundishwa. Kama ndivyo, hapana sababu ya maumbile inayomzuia kijana wa Vitongoji kuifanya kazi ya kampuni iliyopo Fumba bila ya kuhama kwao. Serikali ikitaka kupima kama mpango huu ni wa Visiwa au ni wa rasi moja tu, kipimo kipo Pemba.

Wapo watakaotujibu kwamba masharti kama haya yatawafukuza wageni. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mwenye kampuni anayefunga safari kwa sababu ametakiwa kumfundisha mwanafunzi mmoja hakukusudia kukaa. Makampuni ya Penang hayakukimbia yalipoitwa mwaka 1989 kujenga kituo cha mafunzo. Yaliitikia kwa kuwa yalihitaji mafundi na yalichoka kuwanyang'anyana waliopo. Maslahi ya mgeni na ya mwenyeji hukutana katika ujuzi, na kazi ya Serikali ni kuwakutanisha hapo mapema.

Wapo wengine, wa upande wa pili, watakaotaka sheria itamke kesho asubuhi kwamba nusu au robo tatu ya wafanyakazi wote wawe wenyeji. Hao nao nia yao ni njema, lakini njia yao ina shimo. Sheria ya idadi bila ya ujuzi huzaa wafanyakazi wa karatasi. Jina la kijana huandikwa katika orodha, hupewa meza na mshahara mdogo, na kazi hufanywa na mwengine. Kijana huyo akitoka baada ya miaka mitatu hana alichojifunza isipokuwa kunyamaza. Idadi iwekwe, lakini ipande hatua kwa hatua pamoja na mafunzo, na ihesabiwe kwa daraja za kazi.

Kuna jambo jengine la tahadhari. Makampuni ya tekinolojia huzaliwa, huunganika, huhama na hufa kwa haraka kuliko makampuni ya zamani. Hata Wasoko, iliyokuwa mshirika wa Serikali katika kuutangaza mpango huu, iliungana na kampuni ya MaxAB ya Misri mwaka 2024. Hilo ni jambo la kawaida katika biashara hiyo wala si aibu kwa yeyote. Lakini linatuonya tusiifunge hatima ya vijana wetu kwa jina la kampuni moja. Kampuni ikiondoka inakwenda na mitambo yake. Ujuzi uliokwisha kuingia katika kichwa cha mwenyeji haupakiwi melini.

Kwa wenye dhamana wa pande zote mbili za Muungano tunasema hivi. Mtaalamu anayengoja kibali kwa miezi, huku akitumwa kutoka ofisi ya kazi kwenda ofisi ya uhamiaji na kurudishwa tena, hawezi kumfundisha mtu. Ziketini meza moja, wekeni muda maalumu wa kujibu, na mwenye kuchelewesha aulizwe. Penang haikuwa na mamlaka zaidi kuliko tulizonazo sisi. Ilikuwa na maofisa waliojua nambari ya simu ya mwenzao wa Kuala Lumpur na hawakuona haya kuipiga.

Kwa vijana na wazee wao nako tuna neno. Hesabu, sayansi na Kiingereza si masomo ya kukimbiwa. Mara nyingi tumewasikia wazazi wakisema kwamba kazi za kompyuta ni za watoto wa wakubwa. Maneno hayo yakirudiwa sana huwa kweli kwa sababu ya kurudiwa kwake. Wasichana wa vijiji vya Penang hawakuwa watoto wa wakubwa. Ila wao walipewa hadubini kwanza na skuli baadaye, na wengi waliachishwa kabla skuli haijafika. Wetu tunataka waipate skuli kwanza.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Visiwa hivi, na wengi wao ni vijana. Kampuni iliyoingia eneo huru mwaka ule itaumaliza msamaha wake wa miaka 10 mwaka 2032. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati mpango unatangazwa atakuwa mwaka huo ni mtu mzima mwenye kutafuta kazi. Huyo ndiye hakimu wa sera hii. Hatatuuliza tulitia sahihi mikataba mingapi wala wageni wangapi walikata utepe. Atakwenda Fumba na cheti chake mkononi, na atataka kujua kama kilichoandikwa ndani yake kinahitajika mle ndani. Serikali inao muda wa kulitengeneza jawabu lake, lakini muda wenyewe umeshaanza kuhesabika.